Kompyuta ikigoma kufunguka baada ya Windows mpya, usikimbilie kufuta diski

TANGU kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipofikisha ukomo wa huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, Oktoba 14, 2025, kompyuta nyingi za majumbani na maofisini zimehamishiwa Windows 11, ama na wenyewe, ama na mafundi wa mitaani.

Kazi hiyo kwa kawaida humalizika katika muda wa saa moja au mbili. Kizaazaa huanza baadaye, pale mwenye kompyuta anapoirudisha nyumbani, akaiwasha na kukutana na picha nzuri ya ziwa au mlima, saa na tarehe vikiwa juu yake, na asijue aingilie wapi.

Wapo wanaofanikiwa kuivuka picha hiyo na kufika kwenye kisanduku cha nywila, au nenosiri kama wengine wanavyopendelea kuiita, wakaandika ile waliyoitumia miaka yote na kuambiwa si sahihi. Wapo wanaodaiwa namba ya siri wasiyokumbuka kuiweka. Na wapo wanaokutana na ukurasa wa rangi ya buluu ukiwadai tarakimu 48, na hawa ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote.

Kwa asiyezoea, hali hizo tatu zinafanana: kompyuta imegoma. Kwa kweli ni vizuizi vitatu tofauti, na kila kimoja kina ufunguo wake. Kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu wakubali upesi ushauri wa "kupiga window" upya, yaani kufuta kila kilichomo na kuanza moja, wakati picha za familia, tasnifu ya mwanafunzi au hesabu za duka zingeweza kuokolewa kwa dakika chache za subira.

Pazia mbele ya mlango

Kinachoonekana kwanza kompyuta inapowaka huitwa skrini iliyofungwa. Jina hilo linapotosha kidogo, kwani picha yenyewe haijafunga kitu. Ni mfano wa pazia lililotundikwa mbele ya mlango, na mlango wenyewe, ambao ni kisanduku cha kuandikia nywila au namba ya siri, uko nyuma yake.

Pazia hilo lilianza na Windows 8, iliyoingia sokoni Oktoba 26, 2012. Wakati huo Microsoft ilikuwa ikiwania wateja wa vishikwambi, hivyo ikafuata mtindo wa simu za kugusa: picha, saa, kisha kidole kutelezeshwa kwenda juu. Mtu aliyetoka Windows XP au Windows 7, ambako majina ya watumiaji yalijitokeza papo hapo, alibaki akiitazama picha bila kuona popote palipoandikwa la kufanya. Windows 10 ya mwaka 2015 na Windows 11 ya mwaka 2021 zimelibakiza pazia, na maelekezo bado hayapo.

Kuliondoa ni kazi ndogo. Kwenye kioo cha kugusa, kidole huteleza kutoka chini kwenda juu. Kwenye kompyuta ya kawaida, inatosha kubofya popote kwa kipanya au kubonyeza kitufe chochote cha kibodi, na kile kirefu cha nafasi ndicho kisicho na madhara.

Kompyuta za baadhi ya ofisi hudai zaidi ya hapo. Humtaka mtumiaji abonyeze kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete kabla ya kuonyeshwa kisanduku. Vitufe hivyo vitatu vina historia ndefu: mhandisi David Bradley wa kampuni ya IBM alivioanisha wakati wa kuundwa kwa IBM PC ya mwaka 1981 ili viwashe upya mashine iliyokwama, na miaka 12 baadaye Windows NT ikavigeuza kuwa njia ya kuingilia. Mwaka 2013, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Harvard, Bill Gates alikiri kwamba lilikuwa kosa na kwamba kitufe kimoja kingetosha. Ofisi nyingi bado zinabonyeza vitatu.

Pazia likigoma kabisa kuondoka, mara nyingi lawama si za nywila bali za vifaa. Mfumo mpya ukiwekwa kuanzia sifuri, hufutwa pia programu ndogo zinazouwezesha kuwasiliana na sehemu za mashine, zile ambazo mafundi huziita draiva. Kipadi cha kugusia cha kompyuta mpakato kinaweza kuwa kimekufa kwa sababu hiyo tu, na kibodi isiyotumia waya ikawa imesahau kompyuta yake. Kipanya au kibodi ya waya ya USB, hata ya kuazima, humaliza tatizo kwa muda. Asiye na kipanya anaweza kutembea kati ya vitufe vya kwenye skrini kwa kutumia Tab, kisha Enter.

Saa inayoonekana juu ya picha nayo si pambo. Ikiwa inaonyesha mwaka uliopita au usiku wa manane wakati ni adhuhuri, huenda betri ndogo ya ndani imekwisha, jambo la kawaida kwa mashine zilizotumika miaka mingi. Kompyuta yenye tarehe ya uongo hushindwa kuaminiana na tovuti salama za intaneti, na hapo juhudi zote za kubadili nywila kupitia mtandao zitagonga mwamba hadi saa irekebishwe.

Nywila sahihi, kibodi isiyo sahihi

Kabla ya mtu kuamini kwamba amesahau nywila, inafaa aitazame kibodi. Wakati wa kuweka mfumo, Windows huuliza mpangilio wa kibodi, na fundi mwenye haraka hukubali ule wa Marekani unaopendekezwa kwanza. Kibodi iliyo mezani huenda ni ya Uingereza. Kwenye mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa alama ya @. Kwenye ule wa Uingereza hutoa alama ya kufungulia maneno yanayonukuliwa. Shift na 3 hutoa # upande mmoja na alama ya pauni upande mwingine. Mwenye nywila yenye @ ndani yake anaweza kuiandika mara 20 kwa uhakika na kukataliwa mara 20.

Kwa mashine zilizotumika zinazotoka bara la Ulaya mambo ni magumu zaidi. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana nafasi za Y na Z. Ile ya Kifaransa, inayotumika sana Lubumbashi, Goma na Bujumbura, imebadilishana A na Q, pamoja na Z na W, imeihamisha M kando ya L, na tarakimu za safu ya juu hazipatikani bila Shift. Nywila iliyoandikwa kwa mazoea ya vidole hutoka fumbo.

Dawa ipo palepale kwenye skrini. Upande wa kulia wa kisanduku cha nywila kuna alama ya jicho. Ikibonyezwa, herufi zilizokwisha kuandikwa huonekana badala ya nukta, na mwandishi huona mara moja kama @ yake imegeuka kitu kingine. Ikiwa mfumo una mipangilio zaidi ya mmoja, kifupisho cha lugha huonekana pembeni chini kulia na kinaweza kubadilishwa. Jirani yake kuna alama yenye umbo la mtu, ambayo hufungua kibodi ya kwenye skrini, nayo huonyesha kila herufi mahali ambapo mfumo unaamini ipo.

Caps Lock inajulikana na wengi. Num Lock husahaulika, ilhali ikiwa imezimwa, tarakimu za upande wa kulia wa kibodi haziandiki kitu, na mwenye namba sahihi huonekana mwongo.

Akaunti ni ya nani?

Hapa ndipo penye kiini cha matatizo mengi, na hapaelezeki bila kutofautisha namna mbili za kuweka mfumo mpya. Namna ya kwanza ni kupandisha toleo: Windows 11 huwekwa juu ya Windows 10, na mafaili, programu, nywila na namba ya siri vyote hubaki vilevile. Aliyepandisha toleo hana nywila mpya ya kutafuta. Namna ya pili ni kuweka upya kuanzia sifuri, na huko nywila ya zamani hufutwa pamoja na mfumo uliokuwa ukiitambua. Kuendelea kuiandika ni kupoteza muda. Swali la kumuuliza fundi ni moja: alitumia namna ipi?

Ikiwa ni ya pili, linafuata swali zito zaidi. Katika hatua za mwisho za uwekaji, Windows 11 humtaka mtumiaji aunganishe intaneti na kuingiza akaunti ya Microsoft, ambayo ni anwani ya barua pepe na nywila yake. Sharti hilo liliihusu Windows 11 ya nyumbani tangu ilipotoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata likapanuliwa hadi toleo la Pro. Mteja akiwa ameacha kompyuta dukani na kwenda zake, fundi hana budi ya kutafuta njia. Wapo wanaokwepa sharti na kutengeneza akaunti ya ndani ya kompyuta isiyo na uhusiano na intaneti. Wapo wanaofungua anwani mpya ambayo hakuna atakayeikumbuka kesho. Na wapo wanaoingiza akaunti yao wenyewe.

Jina linaloonekana chini ya duara katikati ya skrini hutoa dalili ya kwanza. Likiwa jina la mtu mwingine, au "User", au "PC", mwenye mali ajue kwamba hajasahau kitu, hajawahi kuambiwa. Simu kwa fundi ina manufaa hapo kuliko ubunifu wowote.

Namba ya siri, maarufu kwa jina la PIN, nayo huzua utata wake. Wengi huidhania kuwa ni nywila fupi ya akaunti yao. Sivyo. PIN ilianza kusisitizwa na Windows 10, na ni mali ya kompyuta moja tu: huhifadhiwa ndani ya mashine ikilindwa na chipu ya usalama iitwayo TPM, wala haitumwi Microsoft. PIN ya kompyuta ya ofisini haifungui ya nyumbani hata kama akaunti ni ileile, na ile iliyotumika kabla ya diski kufutwa haifai kitu baada ya hapo, labda mtu aiweke tena kwa hiari yake.

Hata kwa aliyepandisha toleo tu, chipu hiyo ikifutwa au mipangilio yake ikiguswa, skrini huweza kutangaza kwamba PIN haipatikani. Chini ya kisanduku kuna maneno "Sign-in options". Yakibonyezwa, hutokea alama za njia nyingine za kuingilia, na ile ya ufunguo ndiyo nywila ya kawaida. Kama alama ya ufunguo haipo, kompyuta imewekwa isikubali nywila, na njia iliyobaki ni "I forgot my PIN", ambayo humpeleka mtumiaji kuthibitisha akaunti yake kupitia intaneti na kuweka namba mpya. Alama ya mtandao iko palepale kwenye skrini, chini kulia. Endapo draiva ya mtandao usiotumia waya haijawekwa, simu ya Android iliyochomekwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti hufanya kazi hiyo.

Aliyekosea PIN mara kadhaa hukutana na jambo la kushangaza: kompyuta humwambia aandike A1B2C3. Wapo wanaodhani wamevamiwa na wahalifu wa mtandaoni. La hasha. Ni jaribio la Windows kuhakikisha kwamba kibodi inaandika sawasawa na kwamba aliyepo ni binadamu, si kitabu kilicholala juu ya vitufe. Akiendelea kukosea, chipu hujifunga, na ujumbe humtaka aiache kompyuta ikiwaka kwenye umeme kwa saa zisizopungua mbili kabla ya kujaribu tena. Ushauri huo ufuatwe kama ulivyo. Kuizima na kuiwasha kwa hasira hakusaidii.

Nywila ya akaunti ya Microsoft ikiwa kweli imesahaulika, hubadilishwa kupitia simu au kompyuta nyingine katika anwani account.live.com/password/reset. Microsoft hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi au barua pepe iliyosajiliwa. Ugumu unakuja pale laini ya simu iliyosajiliwa ilipokwisha kufungwa kwa kutotumika, pengine namba ikiwa mikononi mwa mteja mwingine. Kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo huchukua siku 30 za kusubiri, muda uliowekwa makusudi ili mwenye akaunti halisi apate nafasi ya kupinga kama anaibiwa. Aidha, baada ya kubadili nywila mtandaoni, kompyuta yenyewe lazima iunganishwe na intaneti ikiwa bado kwenye skrini ya kuingilia, la sivyo itaendelea kuitambua nywila ya zamani.

Kwa akaunti ya ndani hakuna wa kutuma namba. Tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018, anayefungua akaunti ya namna hiyo hutakiwa kuchagua maswali matatu ya usalama, na akikosea nywila hutokea maneno "Reset password" yanayomrudisha kwenye maswali hayo. Bahati mbaya majibu huwa aliyaandika fundi. Kama kompyuta ina mtumiaji mwingine mwenye mamlaka ya usimamizi, huyo anaweza kuingia kwa jina lake na kumbadilishia mwenzake nywila.

Tarakimu 48

Yote yaliyotangulia ni usumbufu. Ukurasa wa buluu unaotaja neno BitLocker ni jambo jingine, kwani hapo kinachofungwa ni diski yenyewe, kabla hata Windows haijawaka.

BitLocker ni mfumo wa kusimba diski, yaani kuyageuza yote yaliyomo kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Siku za kawaida chipu ya TPM hutoa ufunguo huo kimyakimya na mtumiaji haoni kitu. Chipu ikihisi kwamba mashine si ileile, husita, na hapo ndipo ufunguo wa dharura unapotakiwa: makundi manane ya tarakimu sita. Kubadilishwa kwa ubao mkuu wa kompyuta kunatosha kuisitisha. Hali kadhalika fundi aliyeingia kwenye mipangilio ya msingi na kuwasha TPM au Secure Boot ili mashine ikidhi masharti ya Windows 11 anaweza kuamsha ukurasa huo bila kukusudia.

Watu wengi hawajui kwamba diski zao zimesimbwa. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotolewa Oktoba 2024, usimbaji huwashwa wenyewe kwenye aina nyingi zaidi za kompyuta pale mfumo unapowekwa kuanzia sifuri na akaunti ya Microsoft kuingizwa. Ufunguo wa dharura huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Hapa lile swali la akaunti ya nani linarudi kwa uzito mpya: aliyewekewa mfumo kwa akaunti ya fundi, ufunguo wa diski yake uko kwa fundi. Fundi akihama mtaa, akibadili namba au akifariki, mwenye kompyuta amebaki na boksi.

Mahali pa kuutafuta ni aka.ms/myrecoverykey, kwa kuingia na akaunti iliyotumika kompyuta ilipowekwa mfumo. Skrini ya buluu huonyesha utambulisho wa ufunguo unaotakiwa, na herufi za mwanzo za utambulisho huo hulinganishwa na orodha ya kwenye tovuti, kwa kuwa akaunti moja inaweza kuwa na funguo za mashine kadhaa. Kompyuta ya ofisi au chuo, ufunguo wake huwa kwa idara ya teknolojia ya habari. Wengine waliuchapisha au kuuweka kwenye flashi na kusahau. Microsoft imesema wazi kwamba idara yake ya huduma haiwezi kutoa wala kutengeneza upya ufunguo uliopotea, na hakuna fundi wa kweli anayeweza pia. Anayeahidi kuurudisha kwa malipo ya awali atazamwe kwa mashaka.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana duniani kote Julai 2024. Tarehe 9 ya mwezi huo, marekebisho ya kawaida ya Windows yalizifanya baadhi ya kompyuta ziamkie kwenye ukurasa wa BitLocker, kasoro ambayo Microsoft iliisahihisha mwezi uliofuata. Siku 10 baadaye, tarehe 19, faili lenye hitilafu kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5, ndege zikabaki viwanjani. Tiba ilikuwa kufuta faili moja. Hata hivyo, kwa mashine zilizosimbwa, mafundi walihitaji kwanza tarakimu 48 za kila moja.

Kabla ya kufuta

Mteja anayeambiwa kwamba dawa ni kufuta diski ana haki ya kuuliza kama imesimbwa. Ikiwa haikusimbwa, mafaili yake yanaokoleka hata kama nywila haijulikani. Fundi huwasha kompyuta kwa mfumo wa Linux ulio ndani ya flashi, bila kuweka chochote kwenye diski, kisha hunakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje. Kazi hiyo haihitaji kuvunja nywila, kwa kuwa Windows yenyewe haiwashwi. Anayesema haiwezekani bila kujaribu, pengine anaona kufuta ni haraka zaidi.

Kama mfumo umekwisha kuwekwa upya na mafaili hayaonekani, nalo si lazima liwe pigo la mwisho. Pale ambapo diski haikufomatiwa, Windows hukusanya vitu vya mfumo wa awali katika folda iitwayo Windows.old, na nyaraka za mtumiaji hupatikana humo ndani ya folda ya Users. Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo anayegundua upungufu asingoje mwisho wa mwezi.

Diski iliyosimbwa ambayo ufunguo wake haupatikani haina njia hizo. Kuifuta kutairudisha kompyuta kazini, lakini yaliyomo yamekwenda.

Watumiaji wa Linux wana nafuu fulani. Kwenye Ubuntu, nywila ni ile iliyochaguliwa wakati wa kuweka mfumo, na ikisahaulika, mwenye kompyuta huingia katika hali ya urejeshi kupitia orodha ya kuwashia na kuweka nyingine kwa amri ya passwd. Nafuu hiyo huishia pale alipokuwa amekubali diski isimbwe.

Kwa kompyuta za Apple, alama ya kidole haikubaliwi mara ya kwanza baada ya mfumo mpya kuwashwa, hivyo nywila huandikwa kwa mkono hata kama jana haikuhitajika. Anayenunua Mac iliyotumika ana la kuangalia zaidi. Mashine zenye chipu ya T2, au zile zenye chipu za Apple yenyewe, zinaweza kuwa zimefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali, na kufuta diski hakuiondoi kufuli hiyo: mfumo mpya ukishawekwa, skrini humdai akaunti ileile. Muuzaji asiyeweza kuiondoa mbele ya mnunuzi ama hakuifahamu, ama mashine haikuwa yake.

Kwa anayepeleka Windows dukani wiki hii, mambo hukaa vizuri zaidi ikiwa yeye mwenyewe yupo wakati wa hatua ya mwisho, akaandika anwani yake ya barua pepe na PIN yake kwa mkono wake. Asiyeweza kukaa anaweza kumwomba fundi atengeneze akaunti ya ndani yenye nywila ya muda, kisha aibadili akifika nyumbani.

Kabla ya kulipa, kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na mwenyewe aifungue mbele ya fundi kuanzia kwenye picha. Halafu katika Settings, sehemu ya "Privacy & security", aangalie kama kuna "Device encryption" na kama imewashwa. Ikiwa imewashwa, ufunguo wa tarakimu 48 unakiliwe kwenye karatasi siku hiyohiyo, na karatasi hiyo isitiwe ndani ya mkoba wa kompyuta yenyewe.